Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, 2025: Ahadi Niliyoitoa Mwaka Jana

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama na vijana mliokuja leo kwa mara ya kwanza,

Katiba ya chama chetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kila mwisho wa mwaka kuhusu yaliyofanyika, yaliyokwama na yanayokusudiwa. Kwa kawaida taarifa hii huanza na vikao na hali ya mfuko, lakini mwaka huu naomba nianze na deni. Katika mkutano mkuu wa Desemba 2024, nikiwa nimesimama mahali hapa hapa, niliwaambia kwamba tukikutana tena tutakuwa na hukumu mkononi katika kesi ya kifo cha ndugu yetu Patrick Lyoya, aliyepigwa risasi na askari polisi hapa Grand Rapids mwaka 2022. Katibu aliyaandika maneno hayo kwenye ukurasa wa nne wa muhtasari, na uliposomwa mbele ya kila mtu asubuhi ya leo, nilisikia watu wakiguna. Wana haki ya kuguna. Hukumu hatunayo, na kwa jinsi mambo yalivyo katika mahakama ya jinai hatutaipata.

Kwa kuwa tuna wanachama waliohamia Grand Rapids baada ya mwaka 2022, nitaeleza tena kwa ufupi, na nitaeleza yote, pamoja na yale ambayo baadhi yetu hupenda kuyaruka. Patrick alizaliwa Kongo, na familia yake, iliyokimbia vita kama familia nyingi zilizomo humu, ilifika Marekani mwaka 2014. Alikuwa na umri wa miaka 26, baba wa watoto wawili wa kike. Jumatatu tarehe 4 Aprili 2022, muda mfupi baada ya saa mbili asubuhi, askari polisi Christopher Schurr alimsimamisha upande wa kusini mashariki mwa mji, akasema kwamba namba ya gari haikulingana na gari lenyewe. Patrick alishuka garini. Askari alimwuliza kama anajua Kiingereza, naye akajibu kwamba anajua. Alipotakiwa kutoa leseni, mambo yaliharibika: alijaribu kuondoka, askari akamkamata, akakimbia, wakashikana kwenye majani mbele ya nyumba ya watu. Kifaa cha umeme cha Taser kilifyatuliwa mara mbili kikakosa, wakaendelea kukigombania, na mwisho wake Patrick, akiwa amelala kifudifudi na askari akiwa juu yake, alipigwa risasi moja kisogoni.

Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba damu yake ilikuwa na pombe zaidi ya mara tatu ya kiwango ambacho sheria inamruhusu dereva. Ninalisema hili wazi kwa sababu limetumika mno kutufunga midomo. Mtu akishataja pombe, tunainamisha vichwa kana kwamba kesi imekwisha. Kuendesha gari ukiwa umelewa ni kosa, na kumkimbia askari ni kosa, na yote mawili yana adhabu zake katika vitabu vya sheria vya Michigan. Hakuna hata mojawapo ambalo adhabu yake ni kifo. Chama hiki hakidai haki kwa ajili ya malaika. Tukisubiri auawe mtu asiye na doa lolote ndipo tuseme, hatutasema kamwe.

Tunajua haya yote kwa sababu ya picha. Mkuu wa Polisi, Eric Winstrom, ambaye alikuwa na wiki chache tu kazini, alizitoa hadharani tarehe 13 Aprili 2022: za kamera ya gari la polisi, za kamera ya kifuani mwa askari, za kamera ya nyumba ya jirani, na za simu ya kijana aliyekuwa abiria katika gari la Patrick. Kamera ya kifuani ilizimika wakati wa vuta nikuvute. Simu ya yule abiria ndiyo iliyoona mpaka mwisho. Huwa nafikiria sana juu ya kijana yule na mkono wake. Kuendelea kushika simu huku ukiona jambo kama lile si kitu chepesi.

Mwendesha mashtaka wa Kaunti ya Kent, Chris Becker, alimfungulia askari huyo shtaka la mauaji ya daraja la pili, yaani mauaji yasiyopangwa mapema, mwezi Juni 2022, na katika mwezi huo huo askari akafukuzwa kazi. Baada ya hapo tulingoja karibu miaka mitatu, na sababu yake inafaa kueleweka kwa sababu ndiyo itakayotupa kazi ya mwaka ujao. Mawakili wa utetezi walikwenda hadi Mahakama ya Rufaa ya Michigan wakidai kwamba kesi isisikilizwe kabisa. Walitegemea kanuni ya zamani, iliyorithiwa kutoka sheria ya mapokeo ya Uingereza, inayomruhusu askari kutumia nguvu ya kuua ili kumzuia mtu aliyetenda kosa kubwa asitoroke. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuibana kanuni hiyo mwaka 1985, katika shauri la kijana wa miaka 15 aliyepigwa risasi mjini Memphis akiruka uzio. Ilisema kwamba Katiba hairuhusu kumwua anayekimbia isipokuwa kuna sababu ya kuamini kwamba ni hatari kubwa kwa askari au kwa watu wengine. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Michigan ilisema kwamba uamuzi ule hauwezi peke yake kubadilisha sheria ya jinai ya jimbo. Ndiyo kusema, kanuni ambayo wengi walidhani imezikwa ilikuwa hai hapa kwetu, na iliamka wakati wa kesi ya Patrick. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2024 kwamba kesi iendelee na swali la kama nguvu ile ilikuwa ya lazima liamuliwe na baraza la mahakama, yaani raia 12 wa kawaida wanaotakiwa kukubaliana wote.

Kesi ilianza kusikilizwa mwishoni mwa Aprili 2025. Swali kubwa lilikuwa dogo kwa kulitazama: kifaa cha Taser kikishafyatuliwa mara mbili na mkononi mwa mtu mwingine, je, ni silaha inayoweza kuua? Upande wa mashtaka ulisema kwamba kilichobaki ni kuumiza kwa kugusisha mwilini tu, na kwamba risasi haikuwa ya lazima. Askari mwenyewe alitoa ushahidi, akasema alihofia maisha yake. Wajumbe 12 wa baraza walijifungia siku nne.

Alhamisi tarehe 8 Mei wengi wetu tulikuwa katika ukumbi huu wa chini. Kina mama walikuwa wamechemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa, mandazi yalikuwa mezani yamefunikwa kwa kitambaa, na simu ya katibu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la sukari ili wote waone. Habari ilipotoka, ilitoka kwa Kiingereza, na kwa muda kidogo walioelewa walinyamaza na wasioelewa wakawatazama usoni. Mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri. Nilisema: baraza limeshindwa kupatana, kwa hiyo kesi imebatilishwa bila hukumu. Mama mmoja mzee, ambaye wote mnamjua na ambaye hapendi kutajwa, aliuliza kwa Kiswahili chetu cha kule Uvira: «Kwa hiyo ameua ao hajaua?» Nikamjibu kwamba aliua, hilo hakuna anayelipinga, ila hawakukubaliana kama kule kuua ni kosa. Akanitazama kwa muda. Kisha akainuka akaenda kuzima jiko.

Nimekuwa mkalimani kwa miaka mingi, katika zahanati, shuleni na kwenye ofisi za nyumba, na sijawahi kusema sentensi iliyo sahihi zaidi na iliyo mbovu zaidi kuliko ile.

Wiki mbili baadaye, tarehe 22 Mei, mwendesha mashtaka alitangaza kwamba hataifungua kesi upya, kwa kuwa hakuona dalili kwamba baraza jingine lingeweza kukubaliana. Siku moja kabla yake, Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba inajiondoa katika makubaliano ya kurekebisha polisi wa Minneapolis na Louisville, miji ambako George Floyd na Breonna Taylor waliuawa na polisi, na kwamba inafunga uchunguzi wake kuhusu polisi wa miji mingine kadhaa, ikiwemo Memphis na Phoenix. Jumapili iliyofuata, tarehe 25, ilitimia miaka mitano tangu kifo cha Floyd. Wale waliokuja kwenye kikao cha wiki ile watakumbuka kwamba ajenda haikusomwa. Tulikaa.

Naomba sasa niseme kuhusu kosa langu, kwa kuwa si la kwangu peke yangu. Nilipowaahidi hukumu, nilikuwa nimelichukua tumaini letu lote nikaliweka mikononi mwa watu 12 nisiowajua, kama mtu anayeweka akiba yake yote kwa mkopeshaji mmoja. Niliona kesi ya Minneapolis, ambako Derek Chauvin, askari aliyemwua Floyd, alikutwa na hatia mwezi Aprili 2021 na kuhukumiwa miaka 22 na nusu, nikadhani barabara imekwisha kufunguliwa. Sikutaka kuyakumbuka ya nyuma: kwamba kule kule Minnesota askari aliyempiga risasi Philando Castile ndani ya gari lake mwaka 2016 aliachiwa huru mwaka uliofuata, na kwamba Amadou Diallo, kijana wa Guinea, mgeni Mwafrika kama sisi, alimiminiwa risasi 41 mlangoni pa nyumba yake mjini New York mwaka 1999, na askari wote wanne wakaachiwa. Lugha yetu inatofautisha kutarajia na kutumaini. Anayetarajia ameona dalili na anahesabu siku. Mimi nilitarajia, nikawaita ninyi mtumaini, na matarajio yalipovunjika wengi mlidhani kilichovunjika ni tumaini.

Tangu Mei, wapo walioacha kuja. Siwalaumu. Mwanachama mmoja aliniambia barabarani kwamba nisimwambie tena kuwa subira yavuta heri, kwa kuwa subira yake imemvutia miaka mitatu ya kusoma habari mbaya kwenye simu. Na tangu siku ile sijaitumia methali hiyo, hata leo nimeitaja tu kwa ajili ya kumnukuu. Wapo pia wanaoogopa. Tangu Januari mwaka huu, serikali iliposimamisha kupokea wakimbizi, familia nyingi humu zina watu waliokwama katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale na Dzaleka, na mtu ambaye bado hajapata uraia hujiuliza mara mbili kabla ya kusimama barabarani akiwa ameshika bango. Kamati haitamlazimisha mtu yeyote kuandamana. Ipo kazi ya kutosha ya kufanywa kwa kukaa.

Hoja nyingine nimeisikia, na hii nitaipinga waziwazi. Baadhi yenu mmesema kwamba mambo haya ya rangi ni ugomvi wa Wamarekani wenyewe, Weusi na Weupe, na kwamba sisi tulikuja kutafuta amani, hatukuja kurithi vita vya watu. Nilifikiri hivyo mimi pia nilipofika. Lakini utafiti ulioagizwa na mji huu huu na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba dereva Mweusi wa Grand Rapids alikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kusimamishwa na polisi kuliko dereva asiye Mweusi, na hakuna askari anayesimamisha gari baada ya kwanza kuuliza kama aliyemo amezaliwa Michigan au Kivu. Mwezi Aprili 2022 waliotangulia kutoka mitaani walikuwa Wamarekani Weusi wa kusini mashariki, watu ambao babu zao walikuwepo mitaa hii ilipowaka moto wa ghasia za rangi Julai 1967. Wao ndio waliotufungulia kanisa lao kwa ajili ya mazishi. Wazazi wa Patrick walipozungumza na waandishi wa habari kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni, waliolia kabla ya tafsiri kufika walikuwa kina mama wasiojua neno hata moja la lugha yetu. Kama huu si undugu, basi sijui undugu ni nini.

Nikiulizwa tumaini linasimama juu ya nini baada ya Mei, sina budi kutaja mambo ninayoweza kuyashika. Minneapolis, makubaliano ya serikali kuu yamekufa, lakini yale ambayo mji uliyafunga na jimbo la Minnesota mwaka 2023 bado yanasimamiwa na mahakama, kwa kuwa watu wa kule hawakuweka kuni zote katika jiko moja. Louisville, Wizara ya Sheria ilimwomba jaji ampe askari wa zamani Brett Hankison kifungo cha siku moja kwa kufyatua risasi ovyo usiku alipouawa Breonna Taylor. Mwezi Julai jaji alikataa, akampa miezi 33. Ni kidogo. Lakini ni jaji aliyeketi mbele ya waliokuwa wakimwomba asifanye kitu, akafanya. Illinois, Sonya Massey aliita polisi mwenyewe mwaka 2024 akihofia mtu aliyekuwa akizungukazunguka nje ya nyumba yake, na askari aliyekuja alimpiga risasi jikoni kwake kwa sababu ya sufuria ya maji ya moto. Mwezi Oktoba mwaka huu baraza la mahakama lilimkuta askari huyo na hatia ya mauaji ya daraja la pili. Kabla ya hapo, mwezi Agosti, jimbo lilipitisha sheria inayotaka historia yote ya kazi ya mtu ichunguzwe kabla hajaajiriwa kuwa askari, na familia ya marehemu ndiyo iliyoisukuma sheria hiyo.

Na kuna jambo moja la tarehe ambalo sijaweza kulitoa kichwani. Muswada wa kwanza wa kuyafanya mauaji ya kinyama ya genge kuwa kosa la jinai la nchi nzima ulipelekwa bungeni mwaka 1900 na George Henry White, mbunge pekee Mweusi wa wakati ule. Ulikufa. Miswada ya namna hiyo ilipelekwa tena zaidi ya mara 200 na kufa. Ule uliopitishwa hatimaye ulitiwa saini tarehe 29 Machi 2022, ukiwa na jina la Emmett Till, mtoto wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Siku sita baadaye Patrick aliuawa. Mtu anaweza kuzisoma tarehe hizo mbili na kusema kwamba sheria haina faida. Mimi huzisoma nikimfikiria aliyeandika muswada wa mara ya mia, ambaye alijua kabisa kwamba wa mara ya tisini na tisa ulikwisha kukataliwa. Huyo hakuwa akitarajia.

Nirudi kwenye kazi za chama. Vikao vya kila mwezi vilifanyika vyote isipokuwa cha Januari, ambapo theluji ilifunga barabara. Taarifa ya fedha ataitoa mweka hazina. Niseme tu kwamba mfuko wa misiba ulipungua kwa kuwa wengi walipunguziwa zamu viwandani, na kwamba hakuna familia iliyokosa mchango wake.

Kazi ambayo ningependa kuielezea zaidi ni mafunzo ya madereva. Tuliyafanya Jumamosi nne, kwenye maegesho ya kanisa wakati wa kiangazi na humu ndani baridi ilipoanza. Humu ndani tunapanga viti vinne kuwa gari, sahani ya plastiki inakuwa usukani, na kijana mmoja anakuwa askari. Tunafundisha kuzima muziki, kuwasha taa ya ndani kama ni usiku, kuweka mikono yote miwili juu ya usukani, na kusema kabla ya kugusa mfuko: «Leseni yangu iko mfukoni, ninaitoa sasa.» Tunayasema kwa Kiingereza mpaka ulimi uzoee.

Papa mmoja, mzee wa miaka zaidi ya sitini, alijaribu mara tatu, na mara zote tatu, yule kijana alipokaribia kiti, mzee alisimama. Vijana walicheka. Mara ya tatu nilimwuliza kwa nini anasimama, akanieleza kwa utulivu kwamba kwao, kwenye vizuizi vya barabarani, dereva anayebaki ameketi wakati mwanajeshi amesimama ni mtu anayemdharau mwanajeshi, na mtu anayemdharau mwanajeshi hafiki aendako. Miaka yote ile mwili wake ulikuwa umejifunza kuokoka kwa kushuka garini. Ukumbi ulinyamaza, kwa sababu kila mmoja alimkumbuka Patrick akifungua mlango wa gari lake asubuhi ile. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu iliyomfanya ashuke, hakuna ajuaye. Nasema tu kwamba sote tulifikiria jambo moja kwa wakati mmoja.

Lazima nikiri kwamba mafunzo haya yananipa taabu moyoni. Ninapomwambia mtoto wa miaka 16 asihoji, asipandishe sauti, asifanye haraka, sina hakika kama ninamfundisha usalama au ninamfundisha woga. Mzazi mmoja alilalamika kwamba tunawabebesha watoto wetu mzigo ambao ungepaswa kubebwa na askari aliyefunzwa na anayelipwa mshahara. Ana haki kabisa. Tutaendelea kufundisha, kwa sababu mtoto lazima arudi nyumbani jioni, lakini kamati imekubali kwamba kila somo litaambatana na nusu saa ya kueleza haki za dereva na namna ya kuandika malalamiko, ili asiondoke akidhani kwamba adabu yake ndiyo sheria.

Malalamiko yenyewe ni kazi. Mji huu una Ofisi ya Usimamizi na Uwajibikaji kwa Umma iliyoanzishwa mwaka 2019, na kila mkazi anaweza kusema mbele ya kikao cha makamishna wa mji. Wanachama wetu wachache walikwenda kusema mwaka huu. Mmoja wao, dada anayefanya kazi ya usiku, alikuwa ameandika maneno yake kwa Kiswahili kwenye daftari la mwanawe, akayasoma yote, kisha mwanawe akayasoma kwa Kiingereza, na muda ukamalizika kabla mtoto hajafika nusu. Mwaka ujao tutaomba wakalimani mapema kwa maandishi, na tutafanya mazoezi kwa saa ya ukutani.

Wanaouliza kama kusema kwenye vikao kumewahi kubadilisha kitu katika mji huu, nawakumbusha jambo la Desemba 2017, msichana Mweusi wa miaka 11 alipotiwa pingu na polisi huku wakimtafuta mtu mzima. Picha zilipotoka, mama yake, bibi yake na majirani hawakunyamaza, na mwaka 2018 polisi wa mji huu walipata mwongozo mpya wa namna ya kushughulika na watoto, ukaitwa kwa jina la msichana yule. Mwenye jina hilo hakuwa wakili. Alikuwa mtoto.

Kwa hiyo pendekezo la kamati kwa mwaka 2026 ni moja, na ni zito. Tunapendekeza chama kiungane na makanisa na vyama vya jirani kuwaandikia na kuwatembelea wabunge wetu wa jimbo, huko makao makuu Lansing, kuhusu ile kanuni ya zamani ya kumwua anayekimbia. Bunge la jimbo lina uwezo wa kuiondoa kwa sheria iliyoandikwa. Haitamrudisha Patrick, wala haitafungua tena kesi iliyofungwa. Ila siku nyingine ambapo wazazi watakaa mahakamani wakimsikiliza mkalimani, wakili hatakuwa na kanuni hiyo ya kusimamia. Tumeomba wanafunzi wetu wawili wa chuo waitafsiri sheria ilivyo sasa kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili zisizidi, ili kila mwanachama ajue anachokipinga kabla hajatia sahihi. Sitawaahidi kwamba itapita mwaka 2026. Wala sitawaahidi kwamba itapita nikiwa bado mwenyekiti.

Kumbukumbu ya miaka minne itakuwa Jumamosi tarehe 4 Aprili 2026. Viongozi wa kwaya wameshanieleza kwamba siku hiyo ni Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, na kwamba wana mazoezi tangu mchana. Kwa hiyo tutakutana asubuhi, saa mbili kamili, ambayo hata hivyo ndiyo saa inayofaa. Wenye magari wawasiliane na katibu kuhusu kuwachukua wazee. Waliosema hawataki kusimama nje watapata kazi ya kupika, na waliosema hawataki kuja kabisa hawataulizwa sababu.

Mwisho, kuhusu muhtasari wa mwaka jana. Mjumbe mmoja amependekeza, kwa nia njema, kwamba sentensi ya ukurasa wa nne ifutwe ili isije kumwaibisha mwenyekiti mbele ya watakaosoma baadaye. Naomba mkutano ulikatae pendekezo hilo. Sentensi ibaki kama ilivyoandikwa, na pembeni yake katibu aandike tarehe mbili, 8 Mei na 22 Mei 2025, kwa kalamu.

Ninaiwasilisha taarifa hii kwa mjadala.

Mwenyekiti
Grand Rapids, Michigan
Desemba 2025